Saa 72 na maji ya Mkanda

Vikao vya usalama vya mtaa nilivyohudhuria Amu, mjini Lamu, vinafanana. Mzee wa mtaa hufungua kwa dua, kisha watu humwaga yaliyo moyoni: mtungi wa gesi umebebwa uani, simu ya binti imepokonywa kichochoroni, mashine ya boti imeng'olewa usiku, mateja wamehamia chini ya wikio, kile chumba cha juu kinachovuka kichochoro, na wanawake hawapiti tena. Chifu huandika. Afisa wa polisi huahidi msako. Watu huswali Isha, wakarudi majumbani. Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza wale waliohamia chini ya wikio wana sindano ngapi kwa watu wangapi. Wala sijasikia mtu akiuliza kama yule binti alipokonywa simu tu.

Mimi ni mtu wa afya ya umma, na leo nataka kulisema lile ambalo vikao hivyo hulikwepa. Uhalifu wa mtaani na maambukizi ya VVU hapa Lamu vimefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ni muda. Kinga ya virusi hivi ina saa zake: saa za kujikinga kabla ya hatari, saa za kuwahi dawa baada ya hatari, na ile saa ya kumeza kidonge kila siku kwa aliyekwisha kuambukizwa. Uhalifu humnyang'anya mtu saa hizo. Na sisi, kwa namna tunavyopambana na uhalifu, mara nyingi humnyang'anya zilizobaki.

Nianze na tarakimu, maana ndizo zinazotulaza usingizi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU. Wanawake ni asilimia 6.6 na wanaume 3.1. Makadirio ya kaunti yamekuwa yakiiweka Lamu chini ya wastani wa taifa, na wako wanaoyataja kwa fahari, wakisema ni baraka ya dini na malezi. Malezi siyabezi. Lakini wastani wa kaunti huchanganya nahodha wa Kizingitini, mkulima wa Mpeketoni, Mboni wa Mangai na kijana anayejidunga unga mjini Amu, kisha hutoa jibu moja lisilo la yeyote kati yao. Kwa wanaojidunga, makadirio yanayotumiwa nchini ni takriban watu 18 katika kila 100, karibu mara nne ya wastani wa taifa, na wanawake katika kundi hilo wako pabaya zaidi kuliko wanaume. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu nzima. Mahali penye watu wachache hivi, mnyororo wa kujuana ni mfupi. Anayejidunga ana mke nyumbani, au ana mtalaka aliyekwisha kuolewa mtaa wa pili. Ukimwi wa maskanini na Ukimwi wa chumbani ni Ukimwi mmoja.

Uhusiano huu haukugunduliwa Lamu. Mwaka 1988 mtafiti Rodrick Wallace alieleza yaliyoupata mtaa wa Bronx, New York, miaka ya 1970: serikali ya jiji ilipunguza huduma za zimamoto, majumba yakateketea moja baada ya jingine, watu wakatawanyika, na ile mitandao ya jamaa na majirani iliyokuwa ikizuia ulevi na jeuri ikakatika. Ukimwi ulipofika ulikuta hakuna wa kuuzuia. Baadaye mwanaanthropolojia Merrill Singer akaonyesha kwamba dawa za kulevya, ukatili na Ukimwi hulishana, kila kimoja kikikipa kingine nguvu, kiasi kwamba kuvitibu kimoja kimoja ni kazi bure. Nilipoyasoma maandishi yao mara ya kwanza nilidhani ni habari za majiji makubwa yenye treni. Kisha nikatazama mji wangu usio na gari, wenye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani, nikaona mambo ni yale yale.

Tuanze na unga. Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani yetu miaka ya 1980, ikipanda na utalii na biashara ya bahari. Atumiaye kwa muda hufika mahali ambapo hatafuti raha tena, anakimbia arosto. Saa chache baada ya kete ya mwisho mwili huanza kudai: kamasi, jasho la baridi, kuhara, mifupa inayouma kama imepondwa. Kete inamtuliza, kisha saa zinaanza kuhesabiwa upya. Kwa hiyo ukisikia mtungi wa gesi umeibwa alfajiri na viatu vimetoweka mlangoni mwa msikiti adhuhuri, ujue wizi wa aina hii una ratiba, na ratiba hiyo ni ya arosto. Mwanamume aliyefika hapo huiba. Mwanamke aliyefika hapo huombwa mwili wake, na anayeubeba unga ndiye anayeamua kama mpira utatumika au hautatumika.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje ya fani huwa halijui. Wengi huanza kwa kuvuta, wakiuchanganya unga na bangi katika msokoto. Unga ukiadimika au bei ikipanda, mvutaji huhamia kwenye sindano, kwa sababu kiasi kilekile kidogo kikipita mshipani humfikisha mbali zaidi. Tuliliona hilo mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga ulipopungua ghafla pwani nzima baada ya serikali kuwakaba wauzaji. Kwa macho ya polisi ulikuwa ushindi. Watafiti waliozungumza na watumiaji wakati ule walisikia habari nyingine: watu waliougua arosto bila dawa wala daktari, waliogeukia vidonge na mchanganyiko wowote uliopatikana, na walioiba na kuuza miili ili kulipia bei mpya. Agosti 2014 taifa liliitazama meli Amin Darya ikilipuliwa baharini na shehena ya heroini inayozidi kilo 370. Miaka michache baadaye ndugu wawili wa familia ya Akasha walipelekwa Marekani na kufungwa miaka 25 na 23. Hayo yote yalistahili. Lakini kete haikukoma maskanini, na hakuna hata sindano moja iliyokuwa safi zaidi kwa sababu ya mlipuko ule.

Sindano yenyewe ina hesabu zake. Kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, kuchangia sindano mara moja na mwenye virusi visivyotibiwa ni hatari takriban mara 8 kuliko tendo moja la kawaida la ndoa kwa mke ambaye mumewe ana virusi hivyo. Virusi vinaweza kubaki hai ndani ya bomba la sindano kwa siku kadhaa. Na kuna yaliyo mabaya kuliko kuchangia: mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake waliripoti kutoka Dar es Salaam kwamba wanawake maskini waliokosa pesa ya kete walikuwa wakidungwa damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga, kwa imani kwamba damu ile ina unga wa kutosha kuwatuliza. Walikuwa wakifanyiana hisani. Nalitaja hilo kwa sababu watu hudhani walio maskanini hawajaliani. Wanajaliana mno, na kwa ukosefu wa vifaa kujaliana kwenyewe kumekuwa njia ya maambukizi.

Sasa tulete msako. Polisi wakishuka mtaani, wa kwanza kukimbia ni mwenye sindano yake mwenyewe, maana chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 hata chombo cha kutumia kinaweza kumtia mtu mashakani. Anaitupa. Usiku arosto inapomrudia, hutumia ya mwenzake, gizani, kwa haraka, bila maji safi, akiwa na sikio moja barabarani. Anayekamatwa na ambaye tayari anameza ARV hukaa mahabusu, na mara nyingi vidonge vyake havimfuati. Dawa zikikatika kwa wiki chache virusi hupanda tena katika damu, na mtu aliyekuwa hawezi kumwambukiza mkewe anarudi nyumbani akiwa anaweza. Hapo mtaa umehesabu mhalifu mmoja aliyekamatwa. Mimi nimehesabu mke mmoja aliyewekwa hatarini bila kutoka nje ya mlango wake.

Huu ndio upande wa unga, na ndio unaozungumzwa. Upande wa pili unanitia uchungu zaidi.

Mwanamke au mtoto akibakwa, kuna dawa za kuzuia asiambukizwe VVU ambazo kliniki zote huziita PEP. Humezwa kwa siku 28. Ili zifanye kazi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Bora kabisa ni saa zile za mwanzo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina siku tano, navyo pia hupungua nguvu kadiri siku zinavyokwenda. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inampa mwathiriwa haki ya kutibiwa katika hospitali ya umma kwa gharama ya serikali. Kwenye karatasi, basi, tuko vizuri.

Toka kwenye karatasi uende kisiwani Pate. Tuseme jambo limetokea Kizingitini au Tchundwa usiku wa Alhamisi. Saa za mwanzo zinakwenda katika kulia na kuoga, na kuoga huondoa ushahidi. Ijumaa asubuhi mama anajua. Mchana, baada ya swala ya Ijumaa, baba anajua. Jioni wajomba wameitwa. Mkosaji ana jina na ana ukoo, pengine ni ukoo mmoja. Mtu mzima mmoja anasema tufunike kombe mwanaharamu apite. Jumamosi pande mbili zinakutana. Ikiwa wataamua kwenda hospitali kuu mjini Amu, sasa wanangoja maji. Mfereji wa Mkanda, kati ya Manda na bara, haupitiki vyema maji yakipwa, na chombo cha abiria huondoka kwa saa za bahari, si za binadamu. Kama ni msimu wa kusi na bahari imechafuka, nahodha mwenye akili hatazunguka nje. Boti ya kukodi ya mashine inaweza kuondoka wakati wowote kwa bei ambayo mshona mikeka hana. Jumapili jioni saa 72 zimekwisha, na hakuna aliyekusudia ziishe.

Niliwahi kumpokea mama na binti yake siku ya tano. Mama alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa hesabu, kwamba walichelewa kwa sababu wazee walikuwa bado wanazungumza, na yeye hakutaka kuwavunjia wazee heshima. Nilimpima binti, nikampa nilichoweza kumpa. Dawa ya PEP sikumpa, kwa sababu muda wake ulikuwa umepita. Mwingine, kijana wa kike, alifika kituo kimoja nisichokitaja ndani ya saa sita, mapema kuliko wote niliowahi kuwaona, akaambiwa aende kwanza polisi alete fomu ya P3. Alikwenda, akakuta foleni ya wanaume, akarudi nyumbani. Naomba kila anayesoma safu hii alishike hili: matibabu hayasubiri P3. Hospitali ina fomu yake ya kumhudumia aliyebakwa. Hujazwa papo hapo, hutibu na kuhifadhi ushahidi, na polisi huja baadaye.

Ongeza usalama wa taifa juu ya haya. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na viunga vyake. Julai kafyu ya usiku ikawekwa Lamu, ikaongezwa muda mara kadhaa, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku. Septemba 2015 ikaanza operesheni ya usalama ya Linda Boni. Kafyu ilirudi 2017, ikarudi tena sehemu za bara Januari 2022 baada ya mauaji mengine. Simlaumu aliyeiweka, waliokufa walikuwa majirani zetu. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya kafyu kwa upande wa afya. Kafyu ikiwapo, kwa saa kumi na mbili za usiku mgonjwa hatoki bila hofu ya kusimamishwa. Mvuvi aliyezoea kutoka na jarife jioni hukaa bila kipato, na njaa ya nyumba ikimsukuma binti kwa mwenye pesa hakuna kizuizi cha barabarani kitakachomzuia. Katika wadi ya Basuba zahanati kadhaa ziliachwa zimefungwa kwa miaka, na Waboni wakawa wanatembea au kungoja msafara wenye ulinzi ili wafikie vituo vya mbali. Mahali kama hapo saa 72 hazina maana yoyote. Mwenye kuishi na VVU aliyekuwa akichukua dawa zahanati ya kijijini alipoteza kijiji na dawa kwa siku moja.

Kuna pia hofu isiyoandikwa popote. Mababu zetu walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba moja hadi nyingine, na wanawake wakaweza kupita kwa jamaa zao bila kukanyaga njia. Waliita sitara. Leo juu ya wikio hapapitwi, na chini yake ni giza. Mama anayepaswa kwenda kliniki ya dawa husubiri apate wa kumsindikiza, na akimpata wa kumsindikiza lazima amweleze anakokwenda, na hapo siri yake imetoka. Wangapi wameruka tarehe ya dawa kwa sababu hiyo, hakuna daftari linalosema. Nimewaona wa kutosha kujua wapo.

Nimeyasikia majibu ya kila aina kwa hoja hizi, na yako machache yanayorudiwa mno.

La kwanza husema ugonjwa umeletwa na wageni: madereva wa malori, wajenzi wa bandari, wabara. Kweli, pesa na mwendo wa watu hubadilisha hatari ya mahali. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipoanza kazi Mei 2021 hilo lilitarajiwa, na huduma zilipaswa kutangulia. Lakini virusi havikusubiri bandari. Wanaojidunga maskanini Amu ni watoto wetu, wanajua tajwidi na wanajua kufunga tanga. Kumtafuta mgeni wa kumlaumu ni njia ya kutowatazama.

La pili humgeukia mwanamke: alitoka usiku, alivaa nini, alikwenda kufanya nini. Utafiti wa afya na idadi ya watu nchini wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu kutimiza miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Wengi wa watendao ni watu wanaojulikana: mume, mpenzi, jamaa, jirani. Kumfungia binti ndani kunamwacha ndani pamoja na baadhi yao. Na mke anayepigwa hana namna ya kumwambia mume avae mpira, hata akijua mume anatoka wapi.

La tatu ndilo gumu, kwa sababu hutoka kwa watu ninaowaheshimu. Husema kumpa teja sindano safi ni kumsaidia katika haramu. Kenya ilipoanza mpango huo miaka ya 2012 na 2013, upinzani mkubwa ulitoka kwa masheikh wa pwani hii. Ninawaelewa. Lakini ushahidi wa miongo kadhaa kutoka nchi nyingi uko upande mmoja: sindano safi hupunguza maambukizi na haziongezi watumiaji. Iran, jamhuri ya Kiislamu, iligawa sindano na methadoni, hata magerezani, ilipoona VVU vinaenea kati ya wanaojidunga. Malaysia ilifuata. Hapa kwetu MEWA ya Mombasa, jumuiya ya Waislamu wenyewe, imekuwa mstari wa mbele kuwahudumia watumiaji. Mwanazuoni anayejua kanuni ya kubeba dhara dogo ili kuzuia kubwa hana haja ya kufundishwa na mimi. Namwomba aingie maskanini mara moja, atazame, kisha atoe fatwa yake.

Na sitara? Ndilo neno ninalorushiwa zaidi nikizungumzia ubakaji. Naliheshimu neno hilo na nimelelewa nalo. Sitara ni kumfunika aliyeumizwa. Tunachofanya mara nyingi ni kumfunika aliyeumiza. Mhudumu anayefunga mlango, anayezungumza kwa sauti ya chini, asiyeandika jina la ugonjwa juu ya jalada na asiyemsimulia mkewe alichoona kazini, huyo ndiye anayetunza sitara ya mji huu. Wakiongezeka watu wa namna hiyo, wazee watakuwa na sababu ndogo sana ya kuogopa hospitali.

Nini kifanyike? La haraka zaidi linagharimu kidogo: dozi za kuanzia za PEP ziwe katika kila kituo cha afya cha visiwani na cha bara, Faza, Kizingitini, Siyu, Kiunga, Hindi, Witu, na mhudumu wa zamu awe na ruhusa ya kuzitoa usiku bila kumwuliza mtu. Dozi ya kwanza imezwe pale kijijini. Safari ya Amu ingoje maji. Saa zikishaanza kuhesabiwa upande wetu, hata mazungumzo ya wazee hayaui kinga. Tangu 2023 taifa lina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Wa kwetu wafundishwe jambo hili kabla ya mengine, na wawe na mafuta ya boti yaliyotengwa katika bajeti ya kaunti kwa jina lake, si kuombwa kwa hisani ya nahodha.

La polisi ni makubaliano zaidi kuliko fedha. Wasisimame mlangoni mwa kliniki wala wasivizie wanaokwenda kuchukua sindano au dawa. Mahabusu mwenye ARV apelekewe vidonge vyake siku hiyo hiyo. Kizuizi cha kafyu kimpitishe mgonjwa na anayemsindikiza bila kudai maelezo ya ugonjwa mbele ya watu. Kamati za usalama, kuanzia Nyumba Kumi hadi kaunti, ziwe na kiti cha mtu wa afya. Kiti kimoja tu.

Methadoni inahitaji fikra zaidi. Ni dawa inayozima arosto, na inayomzimia mtu sababu ya kuiba. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, Nairobi Desemba 2014, Malindi mwanzoni mwa 2015. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kijana wa Faza hawezi kuvuka bahari kila siku ya Mungu kwa ajili ya kikombe kimoja, na akiruka siku kadhaa anarudi kwenye kete. Visiwani huduma hii lazima isafiri kumfuata mgonjwa, au aaminiwe dozi za nyumbani mapema kuliko taratibu za mijini zinavyotaka. Najua wasimamizi huogopa dozi kuuzwa. Mimi naogopa zaidi sindano ya kuchangia.

Taa nazo ni dawa, ajabu kusema. Mwaka 2016 New York iliweka taa kali za muda katika baadhi ya makazi ya umma kwa bahati nasibu, na uhalifu mkubwa wa usiku nje ya nyumba ukapungua kwa zaidi ya theluthi. Amu hatuhitaji minara. Tunahitaji wanawake waulizwe wao wenyewe ni vichochoro gani wanavikwepa, kisha taa za jua ziwekwe hapo, kabla ya kuongeza nyingine mbele ya forodha ambako tayari kuna mwanga wa kutosha kwa watalii. Na kwa ukatili wa ndani, Kampala imetuonyesha njia kwa mpango uliochukua jina lake katika lugha yetu, SASA!: majirani wa kawaida walifundishwa kuzungumza na majirani wao juu ya nguvu na namna inavyotumiwa, na katika mitaa hiyo ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa chini kwa takriban nusu ukilinganisha na mitaa mingine. Hapa mabaraza tunayo tayari, mbele ya kila mlango.

Fedha zitaulizwa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vingi nchini vilivyowahudumia wanaojidunga na wanaouza ngono vilifunga milango ndani ya siku chache, na wahudumu wakarudi nyumbani na simu za wateja wao mfukoni. Kaunti inayoitegemea ofisi ya ng'ambo kwa sindano na mipira itapatikana uchi siku ofisi ile ikifungwa. Mwaka huu wa bajeti, wananchi wanapoalikwa kutoa maoni, nitakuwa ukumbini kuuliza mstari wa PEP uko ukurasa gani.

Mpaka hapo, kwa yeyote atakayefikwa usiku huu: usioge, usibadilishe nguo, au kama umezibadilisha ziweke katika mfuko wa karatasi. Nenda zahanati iliyo karibu, uombe PEP kwa jina hilo hilo, na ukiambiwa polisi kwanza, kataa kuondoka. Nambari 1195 hupigwa bure mchana na usiku kwa aliyefanyiwa ukatili, na 116 ni ya watoto. Kama uko Pate na maji yametoka, piga simu sasa, kabla hayajajaa.